Wasomaji Wanauliza: Picha ya Mandhari Inalindaje Pori?

Barua zilizofika mezani kwetu hapa Dodoma mwezi huu zimerudi tena na tena kwenye jambo moja, nalo ni upigaji wa picha za mandhari na msaada wake kwa mapori, vichaka na milima inayozidi kupungua. Nimechagua barua saba. Nimezifupisha kidogo ili zienee, lakini maswali yenyewe sikuyagusa.

SWALI: Mbukwenyi. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili chuoni. Nimenunua kamera kwa kudunduliza, na nataka kupiga picha za mandhari zitakazosaidia uhifadhi. Tatizo ni kwamba huku kwetu hakuna cha kupiga. Ni vumbi, miba na mawe. Je, nisubiri mpaka nipate nauli ya kwenda Kilimanjaro au Ngorongoro? (Mwanafunzi, Dodoma Mjini)

JIBU: Mbukwa, mwanangu. Usisubiri nauli. Kilimanjaro na Ngorongoro zimepigwa picha na watu wa kila taifa kwa miaka mingi, na hakuna anayehitaji kushawishiwa kwamba zina thamani. Unakoishi wewe ni tofauti. Ardhi ambayo wenyeji wenyewe huiita vumbi, miba na mawe ndiyo inayofyekwa kwanza bila mtu kuuliza, kwa kuwa machoni pa wengi hakuna kilichopotea. Kwa hiyo picha moja nzuri ya nyika ya Ugogo ina kazi kubwa kuliko picha nyingine moja ya kilele cha Kibo.

Chukua mfano wa vichaka vya Itigi, mkoani Singida. Abiria wa Reli ya Kati wamepita kando yake tangu enzi za Wajerumani, na wengi wao hawajawahi kuinua macho. Ni vichaka vinene, kwa kawaida vyenye kimo cha mita 3 hadi 5, vilivyosongamana kiasi kwamba mtu mzima hupita kwa kuinama, na kiangazi kikikolea hupukutisha majani vikabaki vya kijivu kama nyaya. Mvua za kwanza zikinyesha, vinageuka kijani ndani ya muda mfupi. Uoto wa namna hiyo haupatikani kwingine duniani isipokuwa hapo na katika eneo la kaskazini mwa Zambia, kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Mweru Wantipa. Sehemu yake kubwa imekwisha kufyekwa kwa ajili ya mashamba, kuni na mkaa. Ni picha ngapi za vichaka hivyo umewahi kuziona zimetundikwa kwenye ukuta wa ofisi yoyote hapa mjini?

Karibu nawe zaidi iko mibuyu. Kila mtu hupiga mbuyu mkubwa uliosimama peke yake jua likizama, na mimi nimezipiga picha hizo nyingi tu. Safari hii tafuta mbuyu mchanga. Utahangaika, kwanza kwa sababu mche wa mbuyu hauna yale majani yenye vidole kama kiganja tuliyoyazoea. Majani yake ya mwanzo ni ya kawaida, moja moja, na wengi hupita wakidhani ni mti mwingine. Pili, mbuzi na ng'ombe huula kabla haujafika magotini. Niliwahi kutembea saa tatu katika mashamba yaliyo upande wa barabara ya kwenda Mtera, nikahesabu mibuyu mizee zaidi ya thelathini, na mche niliouona ulikuwa mmoja, umejificha katikati ya miba ambayo mbuzi hawakuweza kuipenya. Nikapiga magoti, nikaupiga picha, nyuma yake ukiwa umesimama mbuyu mzee wenye makovu ya magome yaliyochunwa. Picha hiyo haina jua linalozama, lakini kila niliyemwonyesha ameuliza miche mingine iko wapi, na hilo ndilo swali nililotaka waulize.

Kuhusu mwanga, kumbuka kwamba Dodoma iko karibu nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta. Jua huchomoza na kupanda wima, kwa hiyo ule mwanga wa pembeni unaochora mikunjo ya ardhi hudumu kwa muda mfupi sana, na ifikapo saa mbili asubuhi vivuli vimekwisha kufupika. Mapema mwezi Machi, na tena kabla ya katikati ya Oktoba, jua la adhuhuri hupita karibu kabisa na utosi, na picha ya saa sita hutoka bapa kama chapati. Septemba na Oktoba hewa hujaa vumbi na moshi wa mioto ya mashambani. Mimi huipenda zaidi Mei, mvua zikiwa zimekwisha kuosha hewa na nyasi bado hazijakauka. Siku hizo vilima vya mbali huonekana kimoja nyuma ya kingine hadi macho yanapoishia. Halafu ngoja wiki za mwanzo za mvua, mwishoni mwa Novemba au Desemba, wakati mibuyu imeanza kuvaa majani huku udongo bado ni mwekundu mtupu.

SWALI: Ndugu Mhariri, nafundisha Jiografia katika shule ya sekondari. Wanafunzi wangu waliniuliza kama kuna pori lolote duniani lililopona kwa sababu ya picha. Niliwajibu kwamba lipo, lakini waliponitaka nitaje, nilikwama. (Mwalimu, Mpwapwa)

JIBU: Mwalimu, hukukosea kujibu hivyo. Mwaka 1861 mpiga picha Carleton Watkins aliingia bonde la Yosemite, California, akiwa na msafara wa baghala waliobeba kamera kubwa kama kabati na vioo vya kupigia picha, kila kimoja kikiwa na ukubwa wa karibu sentimita 46 kwa 56. Picha zake zilifika mashariki ya Marekani, kwa watu ambao hawakuwa wameamini kwamba kuta za mawe za kimo kile zinaweza kuwapo. Mwaka 1864, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Rais Abraham Lincoln alitia sahihi sheria ya kulikabidhi bonde hilo kwa jimbo la California lihifadhiwe kwa ajili ya umma, ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kulikanyaga. Miaka michache baadaye, mwaka 1871, William Henry Jackson alipiga picha za Yellowstone akiwa pamoja na wapima ardhi wa serikali. Picha hizo zikaonyeshwa kwa wabunge, na tarehe 1 Machi 1872 Yellowstone ikawa hifadhi ya taifa.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa kisiwa cha Tasmania, Australia, na nakuomba uwasimulie wanafunzi wako mfano huo mzima, kwa kuwa una kushindwa na kushinda ndani yake. Olegas Truchanas alikuwa mhamiaji kutoka Lithuania. Alitembea na kupiga picha nyika za kusini-magharibi mwa kisiwa kile kwa miaka mingi, kisha mwaka 1967 moto wa msituni ukaiteketeza nyumba yake pamoja na hazina yake yote ya picha. Alianza upya. Wakati huo serikali ya kisiwa ilikuwa imepanga kulizamisha Ziwa Pedder, lenye ufukwe mpana wa mchanga, chini ya bwawa la umeme. Truchanas akawa anawaonyesha watu picha za ziwa hilo kwenye ukumbi wa mji wa Hobart, na ukumbi ukajaa usiku baada ya usiku. Haikutosha. Mwaka 1972 Pedder lilifunikwa na maji, na mwaka huohuo Truchanas alikufa maji katika Mto Gordon akiwa katika safari ya kuupiga picha kabla nao haujabadilishwa. Aliyeuona mwili wake ni kijana aliyekuwa kama mwanawe, Peter Dombrovskis.

Miaka kumi na moja baadaye ilikuwa imefika zamu ya mto mwingine wa kisiwa kilekile, Franklin, nao ukipangiwa bwawa. Dombrovskis alikuwa amepiga picha ya mahali mto unapojikunja kwenye mwamba, ukungu wa asubuhi umelala juu ya maji. Wanaharakati wakaichapisha kwa rangi kwenye magazeti kabla ya uchaguzi wa Machi 1983, wakiwauliza wapiga kura kama wanaweza kukichagua chama kitakachopaharibu pale. Chama kilichoahidi kulizuia bwawa kikashinda, na Julai 1983 Mahakama Kuu ya Australia ikaamua, kwa majaji 4 dhidi ya 3, kwamba serikali ya shirikisho inayo mamlaka ya kulizuia. Franklin unatiririka hadi leo.

Ila usiwaache wanafunzi wakidhani picha zile hazikuficha kitu. Bonde la Yosemite lilionekana tupu katika vioo vya Watkins kwa sababu miaka kumi kabla yake, mwaka 1851, wanamgambo walikuwa wameingia kwa silaha na kuwafukuza wenyeji wa asili waliokuwa wakiishi humo. Picha ya pori lisilo na mtu huweza kumfanya mtazamaji aamini kwamba hakuna mtu aliyewahi kuishi pale. Sisi tunaoishi katika nchi ya wafugaji na warina asali tuna sababu ya kulikumbuka hilo kila tunapomwondoa mchungaji kwenye fremu ili picha ionekane safi. Mimi humwacha, baada ya kumwomba ruhusa.

SWALI: Salaam. Marehemu baba yangu aliacha picha tano nyeusi na nyeupe za makorongo. Nyuma ya moja ameandika "Kolo, 1974", nyingine hazina maandishi. Watoto wananiambia ni takataka. Je, zina faida yoyote? (Mama mkulima, Kondoa)

JIBU: Dada yangu, tafadhali usizitupe, na leo hii uzitoe mahali penye unyevu. Picha hizo huenda ni za thamani kuliko zote zitakazotajwa katika ukurasa huu.

Wewe unaijua nchi yenu kuliko mimi, lakini watoto wako hawakuiona ilivyokuwa. Milima ya Irangi ilikuwa imechimbika makorongo ya kina cha nyumba, na mchanga ulioporomoka ukajaza mabonde. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ambao wote tuliuita HADO, ulianza mwaka 1973 kwa msaada wa Sweden, ukachimba makinga maji na kupanda miti. Mwaka 1979 ikaamuliwa mifugo yote iondolewe katika eneo lililomomonyoka la Kondoa, lenye zaidi ya kilometa za mraba 1,200. Nyasi na vichaka vilirudi kwa kasi ambayo wataalamu wengi hawakuitarajia. Familia nyingi zililipa gharama, kwa kuwa zilitengana na ng'ombe wao au zikahama kabisa, na ni baadaye sana waliobaki walipoanza kuruhusiwa kufuga ng'ombe wa maziwa ndani ya mabanda. Ukizungumza na wazee wa pande zote mbili, kila mmoja atakupa habari yake. Picha ya baba yako ya 1974 ni shahidi aliyekuwapo kabla ya mifugo kuondolewa, na shahidi huyo hasahau.

Faida yake itaonekana utakaporudi mahali palepale na kupiga tena. Tena mifano ya nguvu ya jambo hilo haiko mbali. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Fritz Klute na Eduard Oehler, walipiga picha za kupimia ardhi juu ya Kilimanjaro, na kutokana nazo ikachorwa ramani ya barafu. Ramani hiyo ndiyo iliyowawezesha watafiti kusema kwamba, ilipofika 2007, takriban asilimia 85 ya barafu iliyokuwapo mwaka 1912 ilikuwa imetoweka. Bila picha za mwaka ule tungebaki na masimulizi.

Basi fanya hivi. Peleka picha zako kwa mtu mwenye skana nzuri, azinakili pande zote mbili, mbele na nyuma, kwa maana mwandiko wa baba ni sehemu ya ushahidi. Nakala moja ikae kwenye kompyuta, nyingine kwenye diski iliyo nyumba nyingine. Picha halisi zitie kwenye bahasha ya karatasi badala ya mfuko wa plastiki unaotunza unyevu. Kisha chapisha nakala ya ukubwa wa daftari na uende nayo Kolo pamoja na mzee anayepafahamu.

Kazi ya kupata pale aliposimama baba yako ni ya subira, nami nitakueleza ninavyoifanya. Kwenye picha tafuta kitu kilicho karibu, tuseme jiwe kubwa, na kitu kilicho mbali nyuma yake, tuseme pengo kati ya vilima viwili. Miti itakuwa imebadilika, usiiamini. Mawe na vilima hayaondoki. Simama, inua ile karatasi usawa wa macho, uangalie. Ikiwa jiwe limelifunika pengo wakati kwenye picha pengo linaonekana wazi upande wa kulia wa jiwe, sogea hatua mbili kulia, utazame tena. Likishakaa sawa, tafuta jozi ya pili upande mwingine wa picha. Jozi zote mbili zikikubaliana, umesimama katika nyayo zake. Mara ya kwanza nilipofanikiwa kufanya hivyo, katika picha ya mtu mwingine kabisa, nilijikuta nimenyamaza kwa muda.

Piga picha ukiwa umeishika kamera kwa kimo kilekile, na mwezi uleule kama unaweza kuukadiria, maana ukilinganisha Februari ya kijani na Oktoba ya vumbi utadanganya watu bila kukusudia. Mtu mmoja asimame ndani ya picha ili kimo cha korongo kijulikane. Andika tarehe, saa, mwelekeo wa dira na vipimo vya mahali kutoka kwenye simu. Weka rundo dogo la mawe pale miguu yako ilipokuwa, ili wanao wapakute mwaka kesho.

SWALI: Nataka kununua ndege nyuki, yaani droni, ili nipige picha Bwawa la Bahi kutoka juu. Sheria inasemaje? (Mfanyabiashara, Bahi)

JIBU: Ndugu yangu, ndege nyuki hairushwi hivi hivi. Unahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania pamoja na idhini ya wizara yenye dhamana ya ulinzi, na ndani ya hifadhi za taifa unahitaji pia ruhusa ya TANAPA. Anza na vibali kabla hujalipia chombo. Hata ukivipata, kumbuka kwamba ndege wa majini huruka kwa hofu wakisikia mlio ule, na wakiwa kwenye viota huacha mayai juani. Ukitaka kuliona bonde kwa upana, panda ukingo wa Bonde la Ufa kule Kilimatinde asubuhi na mapema. Utaona nchi yote ya Bahi imelala chini yako, na hutahitaji kibali cha kuruka.

SWALI: Siku hizi kila picha imekolezwa rangi hadi nyasi zinakuwa kijani cha rangi ya soda. Wewe unakubali kuhariri picha? (Mpiga picha wa studio, Singida)

JIBU: Nahariri, mwenzangu, kama ambavyo wewe na mimi tulihariri katika chumba cha giza enzi za filimu, tukiongeza mwanga hapa na kuupunguza pale. Kunyoosha upeo wa macho, kufungua kivuli kilichozidi na kurudisha rangi ambayo kamera iliikosea ni kazi halali. Mpaka wangu ni mmoja: aliyesimama nami pale, akiiona picha, aseme "ndivyo palivyokuwa".

Nina sababu ya kushikilia hilo. Miaka kadhaa iliyopita kampuni moja iliyokuwa ikitengeneza kalenda ilinunua picha yangu ya nyika, niliyoipiga Septemba ya mwaka wa ukame. Nyasi zilikuwa nyeupe, mto ulikuwa mchanga mtupu, na ng'ombe watatu walikuwa wamesimama pembeni ya kisima kilichochimbwa mtoni. Kalenda ilipotoka nikakuta nyasi zimepakwa kijani, anga imebandikwa mawingu, na ng'ombe wameondolewa. Chini yake iliandikwa jina langu na jina la mahali. Mzee mmoja wa kijiji kile aliiona dukani, akanipigia simu akaniuliza kwa nini nimeuambia ulimwengu kwamba wao wana malisho. Mwaka ule walikuwa wakiomba msaada wa chakula. Sikuwa na la kumjibu isipokuwa kumwomba radhi.

Mkataba nitoao sasa una sentensi inayokataza kubadilisha maudhui ya picha, na nakushauri uandike kama hiyo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inaitambua picha kuwa kazi ya aliyeipiga, kwa hiyo unayo haki ya kuweka sharti hilo.

SWALI: Mimi huwaongoza wageni kwenye michoro ya miambani. Baadhi huniomba niimwagie maji ili rangi ikolee wapige picha. Wengine hutangaza mitandaoni mahali ilipo hata ile isiyo na mlinzi. Niwaambieje bila kuwaudhi? (Kiongozi wa wageni, Kolo)

JIBU: Waambie hapana, kaka, na uwaeleze sababu, mgeni mwenye adabu atakushukuru. Tabia ya kumwagia maji michoro ya kale imeharibu miamba sehemu nyingi duniani. Maji huyeyusha chumvi zilizo ndani ya jiwe, na yakikauka chumvi hizo hubaki juu ya mchoro kama utando mweupe, kisha hubandua rangi kidogo kidogo. Mchoro uliostahimili maelfu ya miaka huweza kufifia ndani ya kizazi kimoja cha watalii. Michoro ya Kondoa imo katika Orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2006, na kule Mungomi wa Kolo watu bado huenda kufanya matambiko, kwa hiyo unacholinda ni cha wenyeji kabla ya kuwa cha wageni.

Wape njia mbadala. Mwambie mgeni azime flashi, aegemeze simu au kamera juu ya stendi au hata juu ya mkoba wake bila kugusa mwamba, kisha asubiri wakati ambapo mwamba uko kivulini wote, maana jua likipiga nusu ya ukuta, rangi nyekundu hupotea machoni. Hapo kamera itaona kile ambacho macho yalikikosa. Kuhusu mahali, simu nyingi huandika vipimo vya eneo ndani ya faili la picha bila mwenyewe kujua. Waombe wakizime kipengele hicho kwenye mipangilio kabla ya kuanza kupanda. Akitaka kuandika, aandike "Kondoa", inatosha. Kanuni hiyohiyo naitumia kwa viota vya ndege wakubwa na kwa mizinga ya asili. Niliwahi kuitaja njia ya kwenda kwenye mbuyu mmoja wenye pango na nyuki. Niliporudi msimu uliofuata pango lilikuwa limechomwa moto na warina asali wasio wa kijiji kile, na mti ulikuwa umekufa upande mmoja. Tangu hapo jina la mahali kama hapo halitoki kinywani mwangu.

SWALI: Mimi ni mjumbe wa kamati ya mazingira ya kijiji. Watu hukata miti usiku katika msitu wetu kwa ajili ya mkaa unaopelekwa mjini. Nina simu yenye kamera nzuri. Niwapige picha nizirushe mtandaoni? (Mjumbe, Chamwino)

JIBU: Mzee wangu, shikamoo, na pole kwa kazi nzito. Usiwafuate usiku na usiwapige picha za nyuso. Unaweza kuumizwa, na picha ya uso ikirushwa mtandaoni huweza kumwangukia hata asiye na kosa, mara nyingi kijana aliyelipwa ujira mdogo huku mwenye lori hayumo kabisa kwenye fremu.

Piga mchana, na upige kilichoachwa. Tanuri la mkaa likiwa bado na majivu. Visiki, kila kimoja kikiwa na panga lililolazwa juu yake ili unene wake upimike. Alama za magurudumu mahali zinapotoka msituni na kuingia barabarani. Kwanza piga kwa karibu, kisha rudi nyuma mpaka kilima au mwamba unaojulikana uonekane, ili mtu asije akasema kisiki ni cha kwingine. Kama kukata kumefanyika kandokando ya mto, vuta kamba au pima kwa hatua kutoka ukingoni na uonyeshe kipimo hicho kwenye picha, kwa sababu Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu zinazoharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Picha zichapishwe, ziambatishwe kwenye barua ya serikali ya kijiji yenye tarehe na muhuri, na zipelekwe kwa ofisa misitu wa wilaya, nakala kwa Wakala wa Huduma za Misitu. Barua yenye picha sita na muhuri ni vigumu kuwekwa pembeni.

Kama msitu wenu bado haujatangazwa kuwa hifadhi ya msitu wa kijiji, ulizeni utaratibu, kwa kuwa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inawapa nafasi hiyo. Jirani zetu wa Mgori, mkoani Singida, walianza kuulinda msitu wao wenyewe tangu katikati ya miaka ya 1990.

Jambo la mwisho ni kuhusu vile visiki. Vingi havijafa. Mnaijua njia ya Kisiki Hai ambayo taasisi ya LEAD Foundation imekuwa ikiieneza katika mkoa wetu: chipukizi zikitokeza mnachagua chache zenye nguvu, mnapogoa nyingine, na kufunga kitambaa ili wachungaji wajue kwamba mti huo unatunzwa. Chagueni visiki kumi kati ya mlivyovipiga picha kama ushahidi, mvipe namba, mvitunze, na kila mwezi wa Aprili mrudi na simu hiyohiyo, msimame palepale, panga likiwa limelazwa chini ya shina.